Kipande Kisicho na Mlezi

Nilishasema kanisani, na neno likishasemwa kanisani halirudi mdomoni. Mchungaji alipomaliza matangazo nilisimama pale pale kwenye benchi letu la akina mama, nikatangaza kwamba mjukuu wangu anatutengenezea kitu cha kwenye simu, na msimu huu hakuna mama wa kikundi chetu atakayegombania zamu kwenye mtambo wa kumenya kahawa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kikundi hakupiga. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa mnada akitafuta mguu mbovu uko wapi.

Asiyelima kahawa hajui kwa nini zamu ni kitu cha kutoleana macho. Mtambo wetu pale Itaka ni mmoja na sisi ni wengi. Kahawa ukiichuma nyekundu lazima ipite mtamboni siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya gunia inapata joto, inachacha, inanuka kama pombe iliyosahauliwa, na baada ya hapo hata ukiianika kwa maombi haiwi kahawa tena. Msimu uliopita wote tulichuma siku moja, wote tukafika siku moja, magunia yakapangwa mpaka barabarani. Tulisukumana, mama mmoja akamwaga debe la mwenzake kwa makusudi, na kahawa yangu ikachachia pale pale huku naiangalia. Nililia kama mtoto. Mjukuu wangu aliniona nikilia, na hapo ndipo hicho kitu chake kilipoanzia.

Huyu ni binti wa binti yangu. Nimemlea mimi, nikamsomesha kwa kahawa hiyo hiyo, na leo anaishi Mpemba kwenye chumba nyuma ya maduka, anatengeneza simu za watu na kuandika programu. Mimi nimeishia darasa la nne, na la nne lenyewe nililisoma na jembe begani. Kwa hiyo aliponieleza nilishika yale niliyoweza kushika: kila mama atapata ujumbe kwenye simu yake, kesho ni zamu yako, uje asubuhi au uje mchana. Kama si zamu yako huchumi. Hakuna gunia la kulala. Siku ile alinionyesha, simu yangu ya kitochi, ile ndogo ya vitufe, ikalia tiii, nikasoma jina langu. Nikaenda kutangaza.

Sasa wiki ya mwisho kabla ya mtambo kufunguliwa, mwenyekiti akanisimamisha njiani mbele ya wenzangu.

"Mama, mtambo unafunguliwa Jumatatu. Kitu cha mjukuu wako kiko wapi?"

"Kinajengwa," nikasema, maana ndivyo nilivyoambiwa.

"Kinajengwa! Mbona hatuoni hata tofali?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha meno tu. Nilikwenda nyumbani, nikafunga kuku, nikachukua shuka langu zito maana Juni kwetu si mchezo, nikaenda Mpemba kuangalia hicho kinachojengwa kinajengwaje.

Nilimkuta amejifunika blanketi mgongoni kama mgonjwa, laptopu mbele yake, chai imeganda kikombeni. Nje malori yamejipanga kuelekea mpakani, yananguruma mpaka vikombe vinatetemeka.

"Shikamoo, bibi! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Nimekuja kukufumania. Mume wetu angekuona ulivyokonda angesema nimekunyima ugali."

Hakucheka vizuri. Nikatazama kioo cha laptopu. Kilikuwa cheusi, kimejaa maandishi meupe kama sisimizi wa unga, na chini kabisa mstari mwekundu.

"Hicho chekundu ni nini?"

"Imekataa kujengwa. Kuna kipande kimoja kinakosekana."

"Kimeibiwa?"

"Hakijaibiwa, bibi. Kimeondolewa."

"Si nilikiona juzi kinafanya kazi? Simu yangu si ililia?"

"Hapa kwangu kipo. Kule hakipo."

Kule. Tangu dakika ile kichwa changu kiliingia ukungu, na sidhani kama umeshatoka wote. Alinieleza kwamba laptopu yake ni ndogo, haina nguvu ya kujenga programu ya kuingia kwenye mashine za kila aina. Ila kuna huduma ya pamoja huko mbali, watu wameweka mashine zao kubwa kwa kujitolea, na yeyote duniani anaweza kupeleka kazi yake ikajengwa bure. Mpaka hapo nilielewa.

"Kama mtambo wetu," nikasema.

"Eeh! Kama mtambo." Uso wake ukafunguka. "Sasa kule, kila kazi ikifika, wanaifungulia chumba kipya, kitupu kabisa. Wewe unakuwa umeandika nahitaji hiki, nahitaji kile. Wanakutolea kwenye ghala lao. Halafu wanafunga mlango mpaka kazi iishe. Hutoki nje kuazima."

"Mkanda ukikatika?"

"Hutoki."

"Sisi mkanda ukikatika tunakimbia Nanyala tunanunua mwingine."

"Basi hapo ndipo inapokuwa siyo kama mtambo, bibi."

Nikabaki nimeshika mfano wangu kama mtu aliyeshika mpini, jembe limechomoka. Chumba gani hicho cha kufanyia kazi kisicho na jirani? Mimi sijawahi kupika chakula hata kimoja maishani bila kuomba kitu kwa jirani, iwe chumvi, iwe moto, iwe hata umbea.

"Basi kipeleke," nikasema. "Unacho hapa, wao hawana. Malori yote haya yanakwenda mbali, mtafute dereva mwenye sura ya Mungu, umpe."

Hapo alicheka kweli. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, nikafurahi kidogo, hata kama nilikuwa nachekwa mimi. Kumbe alishajaribu kukipeleka kwa njia zao. Alikiweka ndani ya programu yake, akatuma vyote pamoja. Wasimamizi wa ile huduma wakarudisha. Walimwambia kila mtu akija na vipande vyake mfukoni, siku kimoja kikioza hawatajua kimeozea kwenye mfuko wa nani. Kinachotakiwa kiwepo ghalani, kila mtu akione, mmoja akitunze.

"Wana akili hao," nikasema.

"Bibi, uko upande wa nani?"

"Wako. Lakini wana akili."

Kesho yake aliamka na njia nyingine. Alikata ile sehemu yote inayohitaji kipande, akatuma kazi tena. Tukakaa tunaangalia sisimizi wakipanda kiooni. Mwishoni mstari ukatoka wa kijani. Nilipiga vigelegele mpaka muuza duka akachungulia.

"Nyamaza, bibi. Bado."

"Kijani si ndiyo nzuri?"

"Ni nzuri. Ila kipande nilichokikata ndicho kinachopeleka ujumbe kwenye kitochi. Hii sasa inafika kwenye simu kubwa tu."

Nikahesabu kichwani ni nani kwenye kikundi ana simu kubwa. Mwenyekiti. Na mwalimu wa kwaya.

"Yaani umejenga nyumba nzuri isiyo na mlango."

"Ina mlango. Wa mwenyekiti."

Tukatazamana. Nikaona macho yake yanataka kujaa maji. Akaniambia taratibu kwamba akina mama wamemwamini, kwamba kama Jumatatu hakuna kitu basi wataichuma yote siku moja tena, na itachacha tena, na safari hii itakuwa imechacha juu ya jina lake. Nilichemsha chai. Sisi tunaolima kahawa ndivyo tulivyo, shida ikizidi tunakunywa chai.

Nilipompa kikombe nikauliza swali ambalo lilikuwa linanikwaruza tangu nilipofika.

"Hicho kipande, nani alikitoa ghalani? Na kwa nini?"

"Hakikuwa na mlezi, bibi. Kila kipande kina mlezi wake. Vitu vingine vikibadilika, yeye anakirekebisha kiendane navyo. Huyu wa hiki aliacha kukitunza. Kikaanza kugoma kujengwa, wakasubiri wee, mwisho wakakiondoa."

"Huyo mlezi yuko wapi?"

"Sijui. Nchi ya mbali huko."

Akanifungulia mahali pake, yaani mahali ambapo yule mtu alikuwa anaweka kazi zake, kama uani kwake. Watu walikuwa wameacha maneno pale. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Akasoma: hakifanyi kazi. Akasoma: lini kitarekebishwa? Akasoma: nasubiri bado. Kisha: kuna mtu hapa? Na baada ya hapo lingine, na lingine, na hakuna lililojibiwa.

Mwili wangu ukapata baridi, na haikuwa ya Juni. Kwetu mlango wa mtu usipofunguka na moshi usipoonekana, jirani haulizi mahindi yamevunwa lini. Jirani anaita jina, akikosa jibu anasukuma mlango.

"Huyu amekufa," nikasema.

"Bibi!"

"Amekufa. Na watu wanapita uani kwake wanadai kipande. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenye nyumba yuko mzima. Na wale wasimamizi wana akili nusu tu, nairudisha sifa yangu."

Mjukuu wangu akavuta pumzi kama mtu anayehesabu asije akajibu vibaya. Akasema haijalishi, maana utaratibu unasema kipande kisicho na mlezi anaweza kukichukua yeyote. Unanyoosha mkono tu, unakuwa mlezi wewe, unakirekebisha, kinarudi ghalani. Ndicho alichotaka kufanya siku hiyo hiyo. Kidole chake kilikuwa tayari. Nikamshika mkono.

"Subiri kwanza. Jembe la marehemu unalichukua hivi hivi?"

"Siyo jembe."

"Kwetu shamba la mtu aliyenyamaza haliingiwi mpaka uende kwao, ukae nao chini, utoe pole. Wao ndio wanakukabidhi jembe. Ukilichukua mwenyewe, hata mvua ikinyesha kijiji kizima, kwako inaruka."

"Mtandaoni hakuna matanga, bibi."

"Kufa kupo?"

Akashika kikombe chake cha chai.

"Mtandaoni watu hawafi?"

"Wanakufa."

"Kama kufa kupo, basi na pole ipo. Andika."

Tulibishana mpaka maharage yakaungua. Aliniambia nampotezea muda, Jumatatu iko mlangoni. Nikamwambia mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili, na hakuna pole iliyowahi kumpotezea mtu muda. Mwisho nadhani aliandika ili ninyamaze tu. Anwani ya yule mtu ilikuwepo pale chini ya kazi zake. Mimi nikasema kwa Kiswahili, yeye akageuza kwa Kiingereza.

Nilisema hivi. Kwa jamaa wa marehemu. Sisi ni watu wa kahawa, tuko mbali, hatukumjua mpendwa wenu kwa sura, lakini tumemjua kwa kazi ya mikono yake, maana kipande chake kinapeleka habari kwenye simu za akina mama wasio na simu kubwa. Poleni sana kwa msiba. Tumechelewa kwa kutojua. Mjukuu wangu anaomba jembe lake, atalitunza, na atakayeuliza ataambiwa lilikuwa la nani. Mungu awape faraja.

"Umeandika yote?"

"Yote."

"Na Mungu?"

"Na Mungu, bibi."

Akatuma. Halafu akakaa, mikono mapajani. Nilidhani atanyoosha mkono wake kule mara moja, kwa sababu pole ilishatolewa. Hakunyoosha. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Ngoja tusubiri mpaka kesho." Sikumwuliza kwa nini.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nje nachambua mchele nilipomsikia ndani anapiga kelele. Niliacha ungo, kuku wa jirani wakafaidi.

"Bibi! Yuko hai!"

"Nani?"

"Marehemu!"

Nikakaa chini pale pale kizingitini. Nimezoea habari za mtu mzima kufa. Ya mfu kuwa mzima haikuwahi kunifikia, isipokuwa ile ya kanisani, na ile hailetwi na simu.

Akanisomea. Yule mtu alisema amepokea pole zetu akiwa anakula kifungua kinywa na mke wake. Mke alisoma naye, akacheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akaacha kucheka akamwambia, unaona, hawa wamekuwa watu wa kwanza kuuliza kama upo. Alisema hakufa, alichoka. Alikuwa anakitunza kile kipande baada ya kazi yake, hakulipwa na mtu, na kila siku mlangoni kulikuwa na watu wanagombeza, mwisho akaacha kuufungua mlango. Alisema kabla hajaacha alishaanza kukirekebisha, na hayo marekebisho yako kwake hayajaisha, akayaambatanisha. Jembe, alisema, achukue mjukuu, kwa moyo mweupe. Na akauliza hiyo kahawa ni ya wapi.

Mjukuu wangu alikuwa anacheka na kufuta macho kwa ncha ya blanketi. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko siku zote. Kwanza, nimemwombolezea mtu aliye hai, na kwetu hilo ni jambo la kutisha, ni kama kumchimbia. Pili, mtu ana dawa ndani, wagonjwa wamejaa uani, na yeye amefunga mlango kwa uchovu? Nikataka kumkasirikia. Nikakumbuka kahawa yangu ilipochacha, nilikaa wiki nzima sigusi shamba wala sijibu hodi. Basi hasira ikakosa pa kukaa.

"Mwandikie tena," nikasema. "Mwambie tunarudisha machozi yetu, aishi maisha marefu."

Yule mtu akajibu palepale: msiyarudishe, yatunzeni, siku moja nitayahitaji. Huyo mtu angezaliwa Mbozi angekuwa mtani wangu.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza, niliyaona tu. Mjukuu wangu alinyoosha mkono kule, wasimamizi wakamkubali, akawa mlezi. Yale marekebisho kweli yalikuwa hayajaisha. Alituma, mstari ukatoka mwekundu. Nikasema, "Si jembe umepewa?" Akasema, "Jembe nimepewa, bibi, shamba bado lina visiki." Akarekebisha, mwekundu tena, ila akasema huu ni mwekundu mwingine, siyo ule. Mimi naona wekundu ule ule. Katikati ya hayo simu yangu ikalia, mwenyekiti, na mjukuu akaiweka sauti kubwa bila kujua.

"Mama, hilo tofali limepatikana?"

"Limepatikana, mwanangu. Mwenye tofali alikuwa amekufa, sasa amefufuka."

"Mama, unaumwa?"

"Mzima kabisa. Jumatatu beba simu yako."

Jumamosi mchana kipande kilijengwa kikawa kijani, kikaingia ghalani. Halafu programu yenyewe ikaingia kwenye kile chumba kitupu chenye mlango uliofungwa, ikaomba kipande, ikapewa. Kijani. Safari hii sikupiga vigelegele mpaka niruhusiwe. Alinitazama, akatikisa kichwa juu chini, nikapiga. Muuza duka hakuchungulia tena, alikwishazoea.

Jumapili jioni nilikuwa nimerudi Itaka, nakamua ng'ombe, kitochi kikalia mfukoni. Zamu yako ni kesho mchana. Nikasikia simu ya jirani inalia ng'ambo ya ua, na ya mwingine huko chini bondeni. Jumatatu nilichuma asubuhi, mchana nikafika mtamboni na gunia langu, mbele yangu alikuwepo mama mmoja tu. Kahawa ikapita nyekundu inang'aa kama shanga. Mwenyekiti yeye alikuja asubuhi kwa mazoea, akaambiwa zamu yake ni jioni, akakaa juu ya gunia lake akisubiri, simu kubwa mkononi.

"Mama," akaniambia, "hicho kitu chako hakijui mwenyekiti ni nani."

"Hakijui. Kimelelewa na mimi."

Mpaka leo sielewi vizuri. Sielewi kitu kinawezaje kuwepo hapa na kisiwepo kule wakati ni kitu kile kile. Sielewi watu wa mbali wanaogawa mashine bure, wakakataa mtu kuingia na kitu mfukoni. Nimeomba nielezwe tena, nikaelezwa, nikaitikia ndiyo ndiyo kama tunavyoitikia mahubiri marefu.

Ila juzi nilikuwa Mpemba, nikamkuta anasoma maneno kiooni, uso umekunjamana. Nikauliza ni nini. Akasema ni watu, hawajui ni wa wapi, wanatumia kile kipande, wanauliza hili, wanalalamikia lile, kila siku. Amechoka. Ameyaacha tangu wiki iliyopita.

"Umewajibu?"

"Nitawajibu, bibi."

Nikavuta kiti nikakaa karibu yake, nikamsogezea laptopu.

"Wajibu sasa hivi," nikasema, "hata kama ni kusema umechoka. Mimi sitaki kupokea rambirambi zako wakati nakuona unakula ugali wangu."

Akaanza kuandika.